Baiskeli ya Nguo

Mtu ninayetaka kumwelezea alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, kisha akawa muuza baiskeli. Wanamwita Futi. Futi ya kupimia nguo haitoki shingoni mwake, hata sasa ambapo hapimi suruali ya mtu. Macho yake yalichoka kutunga uzi kwenye sindano, ndipo akafunika cherehani, akaanza kuuza baiskeli za milimani, zile zilizokwisha kutumika. Anazinunua kuukuu, anazifungua zote, anazisafisha, anazifunga upya.

Mimi ni fundi baiskeli. Nimeifanya kazi hiyo miaka arobaini na minne. Baiskeli zangu zilikuwa za chuma, nyeusi, za kubebea magunia na madebe ya maziwa. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na mke wangu, tukiwa tumeshazaa. Kazi nilijifunza kwa mkono na kwa sikio. Fremu ikiletwa, naigonga kwa spana. Nzima inalia kama kengele. Iliyopasuka inasema tuk, kama chungu chenye ufa. Sikio langu halikuwahi kunidanganya. Kwa hiyo mtu wa sindano alipofungua duka la baiskeli mtaa wa pili, nilicheka. Nilimwambia mke wangu, "Kesho utasikia anapindia matairi."

Mke wangu hakucheka. Alisema, "Mwache mwenzio atafute riziki."

Mke wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nilifunga kibanda. Spana moja nikaitia mfukoni mwa koti, sijui kwa nini, nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti.

Binti yetu anaishi nami. Ni mtu mzima, anafanya kazi maabara ya hospitali, anapima damu za watu. Baada ya mazishi alianza kwenda milimani na kundi la waendesha baiskeli, kila Jumamosi. Aliniambia mara moja tu, "Kule juu napumua, baba." Alikuwa anaazima baiskeli ya mwenzake, isiyo na springi nyuma, akawa anarudi ameshika kiuno. Siku moja tukiwa tunakula akasema, "Nataka kununua yangu. Yenye springi mbele na nyuma. Nisindikize kwa Futi, ukanisaidie kuchagua."

Tangu mazishi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba kitu ninachokijua. Nilinyoa ndevu.

Duka la Futi ni chumba kimoja kirefu, kimefagiliwa vizuri. Baiskeli zimetundikwa ukutani kwa gurudumu la mbele, zimepangwa kama suti. Meza ya kukatia vitambaa ndiyo meza yake ya ufundi. Alama za mkasi bado zipo. Nati anazihifadhi kwenye makopo ya vifungo. Siku ile tulimkuta na watu watatu. Alikuwepo kinyozi wa duka la jirani, ambaye hana wateja saa hizo. Alikuwepo mwalimu mmoja mwanamke, amekuja kumwangalizia mwanawe baiskeli. Na mwanamume mgeni mwenye kofia ya buluu, ameshika baiskeli moja kwa usukani, anaipeleka mbele na nyuma.

Futi alitupokea kwa heshima. Akatoa futi shingoni, akampima binti yangu mkono, mabega, na mguu kwa ndani mpaka sakafuni.

"Futi, unamshonea gauni?" kinyozi akauliza.

"Baiskeli nayo ni vazi," Futi akajibu. "Ikibana inaumiza, ikipwaya inaumiza." Kisha akamgeukia binti yangu. "Dada, huko mnakokwenda, mnapanda kwa muda gani, mnashuka kwa muda gani?"

"Kupanda masaa mawili. Kushuka nusu saa, pamoja na woga wangu."

"Njia ikoje?"

"Mizizi na mawe. Kisha vichaka. Kurukaruka hapana, tunapita tu."

Futi akashusha baiskeli mbili, moja ya kijani, moja nyeusi.

"Hii ya kijani," akasema, "springi zake zinabonyea shibiri nzima. Ni ya mtu anayepandishwa na gari mpaka kileleni, halafu anajitupa chini. Hii nyeusi inabonyea upana wa kiganja. Kwa mizizi na mawe inatosha. Ukipanda masaa mawili na ile ya kijani, kila ukikanyaga pedali springi inakunywa nguvu zako. Ni kama kutembea mchangani."

Akajaza upepo kwenye shokapu, ile springi ya nyuma ya baiskeli nyeusi, kwa pampu ndogo, akamwambia binti yangu aketi. Kwenye shokapu palikuwa na kipira chembamba kama pete. Kikasogea kidogo, kikasimama.

"Imebonyea robo," Futi akasema. "Ndipo panapotakiwa. Isipobonyea inakurusha. Ikibonyea sana inakuzamisha."

Binti yangu akashuka, akainyanyua kwa mkono mmoja, akacheka. "Baba, njoo uibebe. Nyepesi kama kapu tupu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Hakuna aliyeniuliza neno. Mambo ya robo na kiganja sikuyajua. Nilikuja kuchagua, na mtu wa sindano alikuwa ameshachagua. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa spana, nikaigonga ile nyeusi.

Tuk.

Nikagonga mahali pengine. Tuk.

"Fremu hii imepasuka," nikasema.

Yule mgeni akaacha kuisukuma baiskeli aliyoishika.

"Haijapasuka, mzee wangu," Futi akasema. "Hiyo si chuma. Ni kaboni."

"Kaboni ndiyo nini?"

"Nyuzi. Zinafumwa kama kitambaa, zinatiwa gundi, zinaokwa mpaka zinakuwa ngumu." Akaigeuza fremu kwenye mwanga wa mlango. "Tazama hapa, utaona ufumaji wake. Nimekata vitambaa miaka thelathini. Huu ni ufumaji mzuri."

"Kwa hiyo ni nguo."

Akasita. Futi ni mtu mkweli, na hilo ndilo lililomponza.

"Kwa namna fulani, ndiyo. Ni nguo."

Nikamgeukia kinyozi. "Umesikia? Baiskeli ya nguo! Ikinyeshewa ataianika wapi?"

Kinyozi akaangua kicheko. "Na ikijikunja, mzee? Aipige pasi?"

"Asiiache kwenye kamba usiku," mwalimu akasema, "wataianua wengine."

Nami nikacheka. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka. Niliona utamu wake, nikataka zaidi.

"Mzee, njoo nikuonyeshe," Futi akasema. "Kuna namna ya kuigonga."

"Nikuonyeshe mimi." Nikaigonga ile ya kijani. Ikalia vizuri, sauti ikakaa. "Hiyo ndiyo baiskeli. Hii nyeusi ni jeneza. Nimezika mmoja mwaka huu. Sitazika wa pili ili wewe upate kuuza."

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Maneno hayo sikuponyokwa nayo. Niliyachagua. Kifo cha mke wangu nilikishika kama nyundo, nikampiga nacho mtu aliyekuwa hajanikosea.

Yule mgeni wa kofia ya buluu aliiegemeza baiskeli yake ukutani, polepole, akatoka bila kuaga.

Futi alirudisha futi shingoni. Akamwambia binti yangu, "Dada, ya kijani imekuzidi urefu kwa vidole vinne. Shingo itakuuma. Nimekwambia."

Binti yangu akanitazama kwa muda mrefu.

"Nipe ya kijani," akasema.

Tukarudi nyumbani, mimi nikiisukuma baiskeli, kifua mbele. Nilisalimia hata watu ambao huwa siwasalimii.

Kinyozi ni redio isiyozimwa. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilisimuliwa. Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho cha baiskeli za nguo. Wiki ya pili ikawa Futi anauza vitu vilivyopasuka. Ya tatu, mama mmoja sokoni aliniambia mwenyewe, hajui kama mimi ndiye chanzo, kuwa kuna mtu ameanguka akavunjika kwa baiskeli ya Futi. Hakuna aliyeanguka. Niliijua hiyo kuwa ni uongo, nikanunua nyanya zangu, nikaondoka. Nikitaka kusema kweli yote, moyoni nilifurahi kidogo.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Jumamosi ya kwanza binti yangu alirudi alasiri badala ya adhuhuri, viganja vimechubuka. Ya pili alirudi hawezi kugeuza shingo. Ya tatu alirudi akiikokota.

"Ina tatizo?" nikamuuliza.

"Nzito kidogo tu, baba. Nitaizoea."

Jumamosi ya nne hakwenda. Alikaa uani akafua nguo zilizokuwa safi.

Ya tano nikamwambia, "Twende wote leo. Nitakaa pale chini mnapoanzia. Nione kasoro iko wapi." Nilitaka kuikaza mahali, kuilegeza mahali. Niliamini bado kwamba kasoro ni ya nati.

Pale chini ya mlima tulilikuta kundi lao, watu kama wanane. Kiongozi wao ni mkunga, mwanamke mwenye mvi, miguu imara. Baiskeli yake ilikuwa imelala majanini, nyeusi, imejaa tope kavu. Nikainama nikaigonga kwa spana, kwa mazoea tu.

Tuk.

"Mama," nikamwambia, "usipande hii. Imepasuka."

"Unabisha hodi, mzee?" akasema. "Karibu ndani." Wenzake wakacheka, lakini kwa wema. "Hiyo ina mwaka wa sita. Nimeanguka nayo mpaka nimeacha kuhesabu."

Nikagonga iliyofuata. Tuk. Ya tatu. Tuk. Nikaenda mpaka ya mwisho, wote wakinitazama, na zile nyeusi tano zikasema neno moja. Zote tano ziwe zimepasuka? Haiwezekani.

Mkunga alinihurumia, nadhani. Alikuja akachuchumaa karibu nami. "Kaboni hailii kama kengele, mzee. Usiilinganishe na chuma. Ilinganishe yenyewe kwa yenyewe. Unagonga kwa sarafu, kidogo kidogo, kutoka huku mpaka huku. Sauti ikiwa ileile, ni nzima. Ikibadilika ghafla mahali pamoja, hapo ndipo uogope."

"Nani alikufundisha?"

"Futi."

Nilikaa chini majanini. Binti yangu alikuwa anafunga kamba za kofia yake ngumu, hakuniangalia. Alikuwa amesikia. Wakapanda, yeye wa mwisho. Nilimwona mpaka kona ya kwanza, ananyonga ile baiskeli ya kijani, inazama na kuinuka, inazama na kuinuka, na haisogei.

Kutoka hapo nilijua la kufanya, na sikulifanya. Jumatatu nilivaa koti nikaenda mpaka kona ya duka la Futi, nikarudi. Jumanne hivyo hivyo. Nilijiambia ana wateja, nisimsumbue. Jumatano nilisimama pale muda mrefu, na nikaona kitu ambacho sikukipenda.

Tuliishi na mke wangu miaka arobaini na moja. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwomba mtu radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi nilikuwa nagomba na kuondoka. Yeye alikuwa anabaki nyuma. Nikimtukana jirani jioni, asubuhi yeye huyo, na bakuli la chakula limefunikwa kwa kitambaa, anabisha mlango ule. "Mzoeeni mume wangu, mdomo wake una moto, moyo hauna." Baada ya siku mbili jirani ananisalimu, nami naitika, nikidhani naheshimiwa. Pale kwenye kona nilielewa kwamba nilikuwa nasubiri. Mzee mzima, nimesimama kwenye vumbi, nasubiri mke wangu atoke nyumbani aje anisemee.

Alhamisi asubuhi binti yangu alikuwa anapaka mkate siagi. Nikamwambia, "Ile baiskeli niliyokuchagulia haikufai."

"Najua, baba."

"Tangu kule mlimani?"

"Tangu dukani."

Nikamtazama. Akaweka kisu chini.

"Ulikuwa umesimama wima," akasema. "Tangu tumzike mama nilikuwa sijakuona umesimama hivyo. Nikasema, shingo yangu itavumilia."

"Na Futi je?"

Akainamisha kichwa. "Futi sikumfikiria. Hilo nalo ni langu." Kisha akasema, "Nitakwenda nawe."

"Hapana," nikasema. "Nimesindikizwa vya kutosha."

Nilikwenda. Duka lilikuwa wazi. Ukuta umejaa baiskeli kama nilivyouacha, hakuna iliyotoka. Futi alikuwa mlangoni, kwenye cherehani yake. Alikuwa ameifunua tena. Anapindia sketi ya shule, uso umekaribia sindano mpaka nikaogopa itamchoma pua.

"Karibu, mzee wangu," akasema. Akanisogezea kiti.

Sikukaa. "Ile nyeusi ilikuwa nzima."

"Ndiyo."

"Nilikosea."

"Ndiyo."

"Ulitaka kunionyesha nikakukatiza. Na lile neno la jeneza. Nisamehe, Futi."

Alikata uzi kwa meno. Uzi ukachomoka kwenye sindano. Akajaribu kuutunga, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Akaninyooshea ili nimsaidie, kisha akakumbuka macho yangu ni mabaya kuliko yake, tukabaki tunatazamana, wazee wawili na sindano moja.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini mimi sikuwa na shaka na baiskeli yangu. Wenye shaka ni wale waliocheka. Siku ile ulisema mbele ya watu. Leo umekuja, tazama, hakuna mtu."

"Hakuna mtu kwa sababu yangu."

"Sikusema hivyo."

"Mimi ndiye ninayesema."

Nikatoka hapo nikaingia kwa kinyozi mlango wa pili. Viti vimejaa. Nikasimama katikati. "Ile baiskeli ya Futi ilikuwa nzima," nikasema. "Mimi sikujua kitu. Nilijifanya najua."

Kinyozi akainua mashine juu ya kichwa cha mtu. "Jamani, mzee kapigwa pasi!"

Walicheka sana. Nilisimama mpaka wakamaliza. Hilo peke yake lilichukua muda.

"Sasa itangaze hii," nikamwambia, "kama ulivyoitangaza ile."

"Ile ilikuwa tamu zaidi, mzee."

"Najua," nikasema.

Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake, anasahihisha madaftari. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilimkataza mwanangu asinunue pale. Nilicheka siku ile kwa sababu wewe ni fundi. Nilidhani unajua." Nilipendelea kicheko cha kinyozi.

Yule mgeni wa kofia ya buluu nilimuulizia kila mahali. Hakuna anayemjua. Nikarudi kumwambia Futi kwamba nimekosa mmoja.

"Huyo alitaka tatu," Futi akasema. "Yeye na ndugu zake. Alikuwa ameshanipa neno." Akaendelea kukanyaga cherehani.

Binti yangu alirudisha ile ya kijani mwenyewe, akapewa ile nyeusi. Sikwenda naye. Jumamosi iliyofuata alirudi adhuhuri, matope mpaka kwenye nyusi, ana njaa, akala bila kukaa.

Mimi nikaanza kwenda dukani kwa Futi kila siku. Niliona ndiyo njia ya kulipa. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, na kila aliyeingia nilimwambia, "Ndugu, ukisikia baiskeli za hapa zimepasuka, ni uongo. Mimi ndiye niliyeusema. Sikujua." Wengine walicheka. Wengine waliniambia pole, mzee. Wengine walizitazama zile fremu mara mbili. Nilirudi nyumbani nikijiona mwepesi.

Siku ya nane alikuja kijana na mke wake. Nikainuka nikawaambia maneno yangu. Wakasikiliza kwa adabu. Wakazunguka. Mke akamnong'oneza mume kitu, wakaaga, wakasema watarudi.

Futi alimaliza mshono aliokuwa nao. Kisha akaacha cherehani, akaja akakaa karibu nami, jambo ambalo alikuwa hajalifanya.

"Mzee wangu," akasema, "nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Wale walikuwa hawajasikia habari yoyote. Si wa mtaa huu. Kila unapoomba radhi, unaleta ufa upya. Mimi naushona, wewe unaufumua."

Siku nane nilikuwa nimekaa pale, mbele ya watu, nikijisafisha mimi. Nilikuwa nimepata tena mahali pa kusimama na kusikilizwa, na mwenye duka alikuwa ananivumilia kwa sababu mke wangu amekufa.

"Nifanye nini?" nikauliza.

"Nenda nyumbani," akasema. Alisema kwa upole. "Niache niuze."

Nikachukua koti langu. Mlangoni nilipishana na mwanamke mmoja, amevaa viatu vya michezo, kijasho usoni. Akanitazama, akaona mikono yangu ya fundi.

"Shikamoo mzee. Hapa wanauza baiskeli nzuri za milimani?"

Maneno yote yalikuja mdomoni, yale ya mwanzo na yale ya kujutia.

"Marahaba," nikasema. "Muulize mwenyewe." Nikampisha apite.